Bawabu: Neno, Mlango na Mtu Aliyewekwa Mlangoni

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya neno moja la Kiswahili, bawabu. Kila msomaji wa fasihi andishi analijua neno hili, lakini ni nadra kumsikia mkazi wa Nairobi akilitumia anapozungumza na mtu anayemfungulia lango kila asubuhi. Mtu huyo huitwa mlinzi, askari, soja, wochimani au, ikiwa ameajiriwa kuangalia jumba la kupangisha, keyateka. Anayemwita bawabu huenda akadhaniwa anafanya mzaha, au anasoma Biblia kwa sauti. Hitilafu hii baina ya neno la vitabuni na kazi ya mlangoni ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Maelezo yanayotolewa aghalabu kuhusu hitilafu za namna hii ni mepesi: neno limechakaa, wakati umelipita, na maneno mapya yamechukua nafasi yake. Maelezo hayo hayatoshi hapa. Neno lililochakaa husahaulika au hushuka hadhi. Bawabu halikusahaulika wala halikushuka. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 kama lilivyokuwamo katika kamusi ya Johnson ya 1939, na hadi leo lina ladha ya adabu na ya utukufu. Hoja yetu ni kwamba neno hili lilihifadhiwa, na kwamba lilihifadhiwa kwa gharama ya mtu. Heshima yake ilibaki salama kwa sababu wale waliowekwa mlangoni katika karne ya ishirini hawakupewa jina hilo.

Asili na umbo la neno

Asili ya bawabu haina utata. Ni neno la Kiarabu, bawwab, linalotokana na bab, yaani mlango. Mabaharia wa pwani yetu wamelijua neno hilo la pili kwa karne nyingi katika jina la Bab al-Mandab, mlango wa bahari unaoingilia Bahari ya Shamu. Umbo la bawwab ni la wizani ambao Waarabu huutumia kumtaja mtu kwa kazi anayoirudia siku zote. Kiswahili kimepokea maneno mengine ya wizani huohuo: hamali, mbeba mizigo, na dalali, mnadi au mpatanishi wa bei. Kwa hiyo hamali, dalali na bawabu ni ndugu wa umbo moja, na wote watatu ni watu wa mji: mmoja yuko bandarini, mwingine sokoni, wa tatu mlangoni.

Neno hili lilipoingia katika Kiswahili lilifuata kanuni za wenyeji. Konsonanti iliyokaziwa katika Kiarabu ililegea na kuwa moja. Kisha neno likapewa irabu ya mwisho, nayo ilichaguliwa na konsonanti iliyotangulia. Baada ya sauti ya midomo, yaani b, Kiswahili kiliweka u, kama katika kitabu, hesabu, sababu na adabu. Baada ya l kiliweka i, ndiyo maana tuna hamali na dalali. Hilo linaonyesha kwamba bawabu lilipita katika vinywa vya wasemaji na kuzoeleka, wala halikunakiliwa vitabuni tu na wanazuoni.

Jambo la tatu kuhusu umbo linahusu jinsia, nalo litatufaa mbele. Kiarabu hutofautisha mwanamume wa mlangoni, bawwab, na mwanamke wa mlangoni, bawwaba. Katika kisa cha hamali na wanawake watatu wa Baghdad, kilichomo katika Alfu Lela u Lela, anayefungua mlango ni mmojawapo wa wanawake hao, naye hutajwa kwa umbo la kike. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Bawabu huchukua upatanisho wa A-WA kama binadamu yeyote, na wingi wake ni mabawabu. Kisarufi, hakuna linalomzuia mwanamke kuitwa bawabu.

Majina manne na picha nne

Ili kuona thamani ya bawabu, yafaa tulilinganishe na majina mengine ambayo Kiswahili kimeyatumia kwa kazi ya karibu na hiyo. Kila jina lina picha yake.

La kwanza ni mngoja mlango. Hili limeundwa kwa mashina ya Kibantu, kwa muundo uleule wa mpiga ngoma na mfanya kazi: kitenzi hubaki na irabu yake ya mwisho, a, kwa sababu kinabeba yambwa. Picha yake ni ya wakati. Mngoja mlango ni mtu ambaye saa zake si zake. Yupo kwa ajili ya mwingine atakayekuja au asiyekuja.

La pili ni mlinzi, kutokana na kulinda. Ingawa leo mlinzi yuko kila mahali, katika maisha ya kijiji mlinzi ni mtu wa shambani. Hukaa juu ya dungu akifukuza ndege, ngedere na nguruwe mwitu wasile mazao. Adui zake hawana maneno. Hana haja ya kuwauliza jina wala kusikiliza haja yao. Kazi yake ni kuwatimua.

La tatu ni askari, pamoja na ndugu yake wa Kenya, soja. La kwanza limetoka Kiarabuni, ambako askar ni jeshi. La pili limetoka Kiingereza. Njia ni mbili lakini maana ni moja: mpiganaji. Yafaa kutua hapa. Kiswahili cha Kenya kilipotafuta jina la mtu anayekesha langoni usiku, kilikopa mara mbili, kutoka lugha mbili zisizo na undugu, na mara zote mbili kikakopa jina la mwanajeshi.

La nne ni bawabu. Ndilo pekee linalomtaja mtu kwa mlango wenyewe. Si kwa kungoja kwake, si kwa mali inayolindwa, wala si kwa silaha. Nao mlango katika Kiswahili si ubao na bawaba tu. Ukoo hugawanyika kwa milango, na hisi zetu tano ni milango ya fahamu. Mlango ni mahali ambapo kilicho nje hujulishwa kwa kilicho ndani.

Kazi ya bawabu kwa maana hiyo huonekana wazi katika masimulizi ya Miraji, ambayo wasomaji wa tenzi wanayajua vyema. Katika kila mbingu Jibrili hubisha, naye anayeungoja mlango huuliza ni nani, yuko na nani, na kama mwenziwe ametumiwa ujumbe aje. Akishajibiwa, hufungua na kukaribisha. Yapo maswali matatu na ukaribisho mmoja. Anayeuliza si mwanajeshi na si mfukuza ndege. Ni mtu wa maarifa, ambaye amekabidhiwa haki ya kuuliza jina. Ustaarabu wa hodi na karibu umejengwa juu ya haki hiyohiyo.

Bawabu na mngoja mlango katika Biblia ya 1952

Ushahidi mzuri wa daraja la neno hili umo katika tafsiri ya Biblia ya Muungano, iliyokamilika 1952. Tunaitumia hapa kama maandishi ya fasihi yaliyoathiri Kiswahili cha vitabuni nchini Kenya kuliko maandishi mengi mengine.

Katika Zaburi ya 84, mshairi anasema angependelea kukaa mlangoni pa nyumba ya Mungu kuliko kukaa katika mahema ya waovu. Kiebrania hakitumii jina la kazi hapo. Kinatumia kitenzi kinachotokana na neno la kizingiti. Watafsiri wa Kiswahili walikigeuza kitenzi hicho kuwa jina, nalo ni bawabu. Uteuzi wao ulikuwa na busara, kwani anwani ya zaburi hiyo inaitaja jamii ya Kora, na Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati chaeleza kwamba Wakora ndio waliokuwa walinda vizingiti vya hema. Watafsiri walitaka jina la kazi ya unyenyekevu isiyomvunjia mtu heshima, wakalipata.

Injili ya Yohana inatupa mfano ulio bora zaidi. Katika sura ya 10, katika mfano wa zizi la kondoo, anayemfungulia mchungaji mlango ni bawabu. Katika sura ya 18, usiku wa kukamatwa kwa Yesu, Petro amesimama nje ya ua wa kuhani mkuu, na aliye mlangoni ni mtumishi wa kike. Huyu haitwi bawabu. Anaitwa mngoja mlango. Ajabu ni kwamba Kiyunani kimetumia neno moja mahali pote pawili, thyroros. Ni mwandishi mmoja, kitabu kimoja, neno moja. Lakini Kiswahili kimeleta mawili.

Je, sababu ni jinsia? Tumekwisha kuona kwamba sarufi ya Kiswahili haikuwalazimisha watafsiri. Tafsiri ya Kiarabu ya Van Dyck ilitumia neno la kike, bawwaba, bila taabu. Na Kiswahili kingeweza kusema bawabu hata bila kubadili herufi moja. Tunaona kwamba sababu ni hadhi. Wa sura ya 10 ni mtu wa mfano, asiye na bwana anayetajwa wala mshahara, naye anamtambua mchungaji wa kweli. Wa sura ya 18 ni kijakazi, mtu aliye chini ya mtu. Masikio ya watafsiri yalikwisha kusikia kwamba bawabu ni neno la juu na mngoja mlango ni neno la kazi. Kwa hiyo wakati mlango ulipokuwa wa mfano walimweka bawabu, na mlango ulipokuwa wa nyumba halisi yenye bwana na watumwa walimweka mngoja.

Kinaya cha uteuzi huo ni kwamba mwanamke huyo ndiye anayefanya kazi ya bawabu kikamilifu. Ndiye anayemwuliza Petro kama naye si mmoja wa wanafunzi. Anauliza swali la mlangoni, la kutaka kujua mtu ni nani, na Petro, aliye mtume, ndiye anayeshindwa kulijibu kwa kweli.

Kutoka daka hadi geti

Tukitoka katika vitabu na kuingia katika majengo, tunauona mgawanyiko huohuo. Nyumba kubwa za mawe za Lamu, ambazo Usam Ghaidan alizieleza katika utafiti wake wa 1975, zina daka mbele ya mlango: ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Ukivuka mlango unakuta tekani, na njia ya kuingilia hupinda ili aliye nje asiyaone ya ndani. Ujenzi wenyewe unafanya nusu ya kazi ya bawabu. Mgeni hupiga hodi, huketi, hujulikana, ndipo huingia au humalizia haja yake palepale.

Lakini hodi hujibiwa na mtu, na katika nyumba za matajiri mtu huyo mara nyingi alikuwa mtumwa. Haifai kuisifu adabu ya daka na kunyamaza juu ya hilo. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja 1897, na katika pwani ya Kenya 1907. Tangu hapo kazi ya mlangoni ilipaswa kuwa kazi ya ujira, na mtu wa mlangoni alihitaji jina jipya la mtu huru.

Jina hilo halikutoka Lamu. Lilitoka katika miji ya reli na serikali, hasa Nairobi, iliyoanza kama kituo cha reli 1899. Nyumba za huko hazikuwa na daka. Zilikuwa katikati ya viwanja vyenye ua wa michongoma, na mwisho wa kiwanja palikuwa na geti. Geti haliko karibu na sebule. Anayekaa hapo hasikii mazungumzo ya ndani wala hawajui wageni wa mwenye nyumba. Amewekwa mpakani mwa mali. Kikosi cha KAR kilikuwa kimeundwa 1902, na neno askari lilikwisha kuenea kwa wanajeshi na polisi. Likapewa pia mtu wa geti, pamoja na kabuti zito, rungu na taa.

Jambo lingine lilitukia katika miaka hiyo. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimika kubeba kipande, cheti chenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri, kikiwa ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Bawabu wa masimulizi ni mtu aliyekabidhiwa haki ya kuwauliza wengine ni nani. Askari wa geti alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kuulizwa wakati wowote ni nani, ni wa nani na ameruhusiwa na nani. Haki ya kuuliza ilihama kutoka kwake, ikabaki kwa mwajiri na kwa dola. Hatushangai basi kwamba hakuitwa bawabu. Jina hilo lingemkabidhi kitu ambacho mpangilio wa mji ulikuwa umemnyima.

Uhuru wa 1963 uliondoa mengi, lakini jina la askari wa geti lilibaki. Majumba ya ghorofa yalipoongezeka, alikuja keyateka, anayepokea kodi kwa niaba ya mwenye nyumba, anayefungua maji na kuamua nani apewe chumba. Kazi yake inakaribia sana ubawabu, kwa kuwa anawajua wapangaji kwa majina na wageni wao kwa sura. Hata hivyo, jina lake ni la Kiingereza tupu, na kamusi zetu zilizo na neno tayari hazikuulizwa.

Tukio moja la historia yetu linaonyesha upungufu wa majina tuliyonayo. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lililobeba bomu lilifika kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi. Mlinzi wa kizuizi cha nyuma, Mkenya asiyekuwa na bunduki, alikataa kulifungulia. Watu zaidi ya 200 waliuawa siku hiyo, lakini lori halikupita kizuizi chake. Taarifa zilimtaja kwa majina ya ulinzi. Ukweli ni kwamba hakupigana, na hakuwa na cha kupigania. Alifanya jambo ambalo askari na soja hawalitaji katika majina yao: alimtazama aliyekuja, akakataa kufungua.

Cairo na Roma

Je, neno bawabu lingebaki na heshima hiyo iwapo lingepewa watu wa geti? Kwa swali hili historia ya lugha nyingine inatusaidia.

Katika jiji la Cairo, bawwab halikuachwa vitabuni. Majumba ya kupangisha yalipojengwa katika karne ya ishirini, mtu wa mlangoni aliendelea kuitwa hivyo. Wengi walikuwa Wanubi, ambao vijiji vyao vilimezwa na maji baada ya bwawa la Aswan kujengwa 1902 na kuongezwa kimo 1912 na 1933, pamoja na watu wa Misri ya Juu. Bawwab wa Cairo hulala chini ya ngazi pamoja na jamaa zake, hutumwa sokoni, huosha magari. Neno limekwenda naye, likashuka daraja pamoja naye. Linalotukuka Mombasa ni jina la kazi duni mjini Cairo.

Walatini waliita mtu wa mlangoni ianitor, kutokana na ianua, mlango. Ovid, katika utenzi wa sita wa kitabu cha kwanza cha Amores, anambembeleza ianitor aliyefungwa mnyororo mlangoni amfungulie aingie kwa mpenzi wake. Mshairi yuko huru na yuko nje. Mtumwa yuko ndani na amefungwa. Na bado mwenye uwezo wa kufungua ni mtumwa. Neno hilo liliingia Kiingereza likiwa bado na maana ya mlango. Nchini Marekani limeishia kwa mtu anayefagia shule na kuondoa taka. Mlango wenyewe umetoka kabisa katika maana.

Mifano hii miwili yaonyesha kwamba jina la mlangoni halina kinga. Likimfuata mfanyakazi, hupatwa na yanayompata. Kiswahili kiliepuka mporomoko huo kwa njia moja tu: kilimtenga mfanyakazi na jina.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usafi wa neno bawabu si dalili kwamba Waswahili na Wakenya waliienzi kazi ya mlangoni. Ni dalili ya kinyume. Neno lilitunzwa katika zaburi, katika mifano na katika milango ya mbinguni, hali kazi yenyewe ilipewa majina ya kungoja, ya shamba na ya jeshi. Mhakiki anayelikuta bawabu katika maandishi anapaswa kuuliza kila mara ni mlango wa namna gani unaotajwa, na kama mtu huyohuyo angeitwa bawabu iwapo mlango ungekuwa na mwenyewe na mshahara.

Swali hili si la vitabuni pekee. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na mikataba ya kazi, matangazo na kanuni za majengo yanahitaji istilahi. Wapo watakaopendekeza bawabu kwa sababu ni zuri na li tayari. Tunakubaliana nao, kwa sharti moja. Kubadili bango la kibanda cha geti hakutampandisha mtu yeyote. Cairo ni shahidi. Anayeitwa bawabu apewe na kilichomo ndani ya jina: ajulishwe wanaoingia ni nani, awe na haki ya kuuliza na kujibiwa kwa adabu, na neno lake la kukataa lisikizwe. Akinyimwa hayo, yafaa tuendelee kumwita mngoja mlango, kwani hilo angalau linasema kweli juu ya saa zake.